Intaneti ya setilaiti: programu inayookoa ndiyo inayoweza kuzima

Setilaiti nyingi za Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya SpaceX, huzunguka takriban kilomita 480 hadi 550 juu yetu, kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Moja haikai juu ya nyumba yako zaidi ya dakika chache, kwa hiyo kila sekunde 15 mfumo hupanga upya dishi lipi liwasiliane na setilaiti ipi, na anayeongea kwa video hatakiwi kuhisi chochote. Huko juu hakuna fundi wa kupanda kubadilisha kifaa. Kinachobadilika ni programu, nayo hutumwa kutoka chini.

Wanaotetea masasisho ya haraka ya programu hiyo wana hoja nzito. Mwaka 2022 Urusi ilipovuruga mawimbi ya Starlink Ukraine, wahandisi walituma marekebisho na siku iliyofuata huduma ikarejea. Dave Tremper, aliyekuwa afisa wa Pentagon (wizara ya ulinzi ya Marekani) akishughulikia vita vya kielektroniki, alisema wazi kwamba jeshi la Marekani linahitaji wepesi wa namna hiyo.

Ila njia inayofikia vifaa vyote kwa mpigo humfaa pia adui. Tarehe 24 Februari 2022, siku uvamizi wa Urusi ulipoanza, wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa usimamizi wa KA-SAT, setilaiti ya intaneti ya kampuni ya Viasat, kupitia VPN (njia ya siri ya kuingia mtandaoni kwa mbali) iliyosanidiwa vibaya. Humo walitoa amri halali kabisa machoni pa modemu za wateja, nazo modemu zikatii, kumbukumbu zao zikaharibiwa. Huko Ulaya ya Kati mitambo 5,800 ya umeme wa upepo ya Enercon, kampuni ya Ujerumani, iliendelea kuzunguka bila mtu wa kuisimamia kwa mbali. Viasat ililazimika kusafirisha modemu mpya karibu 30,000.

Wala si lazima awepo adui. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizimika dunia nzima kwa takriban saa mbili na nusu. Michael Nicolls, kiongozi wa uhandisi wake wakati huo, alieleza kwamba huduma za programu zinazoendesha kiini cha mtandao, yaani sehemu ya kati inayotegemewa na wateja wote, zilifeli. Setilaiti zilikuwa nzima, madishi yakiwa na umeme.

Mimi nipo upande wa kusasisha haraka. Kuacha tundu la usalama wazi kwa miezi ni hatari zaidi. Lakini kujaribu toleo jipya kwenye setilaiti moja kwanza, kama wahandisi wa SpaceX walivyoeleza mwaka 2020, hakumsaidii mteja kiini kinapoanguka. Na kwetu jambo hili si dogo. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, Kenya na Tanzania zilihaha, na setilaiti ikaonekana kimbilio. Zahanati ya kijijini inayoitegemea peke yake haina kwingine pa kukimbilia.

Basi mdhibiti anapotoa leseni asiishie kwenye masafa na ada. Aulize: modemu hukataa programu isiyo na saini ya kidijitali ya kuthibitisha mtumaji? Toleo la zamani hubaki ndani ili kifaa kirudi kwalo chenyewe? Amri ya kufuta kumbukumbu huidhinishwa na watu wangapi?