Nyumba ya familia Mwanza, ghorofa moja inatosha

Wadogo zangu wameniletea ramani ya nyumba ya wazazi tunayotaka kujenga Nyegezi, ghorofa mbili, balkoni kila upande, na kila tukiongea kwenye simu hoja ni ile ile, wewe uko Uingereza watu watasemaje ukijenga nyumba ya kawaida. Mi nasema ghorofa moja, ile tunayoipata kwenye mteremko wa kiwanja, tena mama na baba walale usawa wa barabara bila kupanda ngazi, na nitaeleza kwanini maana naona sisi wa nje wengi tunaingia kichwa kichwa kwenye hili.

Huku ninakoishi nyumba nyingi ni za juu na chini, zimeshikana ukuta mtaa mzima, sebule na jiko chini, vyumba na bafu juu, ngazi nyembamba zimesimama kweli kweli. Nyumbani wakiona picha wanadhani ni utajiri, jamani hapana, ardhi ni ghali na baridi ni kali, nyumba iliyobanana inatunza joto basi. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, naingia asubuhi nakuta bibi wa watu kitanda chake kimewekwa sebuleni karibu na tv, pembeni kuna kiti cha choo kimefunikwa taulo, chumba chake na bafu lake viko juu na hajavikanyaga toka avunjike nyonga. Wageni wakija anavuta shuka mpaka kidevuni, anaona aibu kulala mbele ya watu. Wengine wanafungiwa kiti cha umeme kinachopanda kwenye reli kando ya ngazi, na wenye uwezo wakistaafu wanatafuta bangalo, yaani ile nyumba ya chini tunayoidharau sisi ndo wao wanaililia uzeeni. Mama yangu magoti yameshaanza kumsumbua, simjengei ngazi.

Na Mwanza tunakimbia baridi gani? Maisha yetu yako nje, mtu anapika uani, jioni upepo wa ziwa ukianza watu wako barazani, siku ya msiba ndugu wanajaa kutoka Magu, Sengerema, Ukerewe, hapo unachohitaji ni sebule kubwa, uwanja wa kutandika mikeka na choo cha karibu, vyumba vya juu havikusaidii kitu. Anayejenga ya kupangisha au mwenye kiwanja kidogo mjini, hiyo ni hesabu nyingine, apande tu.

Halafu kuna slabu, yaani ile sakafu ya zege inayobeba ghorofa. Tofali unaweza kupandisha kozi tatu mwezi huu, mwezi ujao ukapumzika, lakini zege la slabu huwezi kulimwaga robo robo kila mshahara ukitoka, saruji, nondo, kokoto, mbao, mirunda na vibarua vyote vinatakiwa kwa pamoja, na sisi tunaotuma kidogo kidogo hapo ndo tunakwama. Tembea Buswelu mpaka Buhongwa uone maghorofa yaliyosimama, nondo zimechomoza juu zinashika kutu, na wazazi wa mwenye nyumba bado wako kwenye nyumba ya zamani inayovuja. Hiyo inaniuma sana. Maji nayo, tanki lazima likae juu kuliko bafu la juu kabisa, sasa ghorofa mbili huo mnara utakuwa mrefu kiasi gani, na umeme ukikatika pampu haipandishi kitu.

Tena kiwanja chenyewe kina mteremko na mawe makubwa kama ilivyo milima yote ya Mwanza, kwahiyo ghorofa tunayo tayari. Upande wa chini unaoangalia ziwa wakae vijana, wawe na mlango wao na stoo, juu yake slabu moja tu, na wazazi wanaingia kutoka barabarani moja kwa moja mpaka chumbani, bafu humo humo, mlango mpana hata kiti cha magurudumu kipite. Mawe yapo hapo hapo, yachomwe yapasuliwe yajenge msingi na ukuta wa kuzuia udongo, ambao lazima uachiwe matundu ya kutoa maji, la sivyo mvua za masika zitausukuma.

Wadogo zangu wanasema basi tuweke nguzo ili watoto waje waongeze juu baadae. Hilo nakubali, ila liamuliwe sasa, maana msingi ukishafukiwa huwezi kuuongezea nguvu kirahisi, fundi asikisie nondo kwa macho. Aje mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu za mzigo na aangalie udongo kati ya yale mawe, hela yake naituma kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga.