Mwalimu Aliyeshindwa Kusoma Tairi

Nilifundisha kusoma na kuandika kwa miaka 31 katika shule za msingi za milimani Lushoto, na katika muda huo wote sikumbuki kukutana na maandishi yaliyonishinda, ukiacha yale ya madaktari. Nilipostaafu mwaka 2021 nilitoa sehemu ya kiinua mgongo nikanunua Hilux iliyokwisha tumika, ya kabini mbili, nikaanza kupeleka kabichi na karoti Mombo ambako malori ya Dar es Salaam hupakia. Njia yangu ina tabia mbili zisizopatana. Kuna kilomita 14 za udongo mwekundu kutoka kijijini kwetu hadi Lushoto mjini, na baada ya hapo kilomita kama 33 za lami, kona juu ya kona, kuteremka hadi Mombo. Udongo ule wakati wa kiangazi huwa tofali, na wakati wa masika huwa sabuni.

Mwezi Machi mwaka 2024 matairi yangu yalikuwa yamebaki vipara vitupu, na mawingu yalikwisha anza kukaa juu ya milima kama wageni wasiotaka kuondoka. Niliteremka Dar es Salaam kutafuta matairi mapya, nikiongozana na shemeji yangu, mtu ambaye hajawahi kumiliki gari lakini anajua kasoro za magari ya watu wote. Tulifika kwenye duka moja maeneo ya Gerezani. Kijana muuzaji alitupokea kwa viti na maji baridi, kisha akavingirisha mbele yetu tairi lenye meno makubwa, yaani kashata kama wasemavyo mafundi, yaliyopangika vizuri kama sinia la kashata zenyewe.

“Mzee wangu,” akasema, “haya ni ya kila ardhi na ya misimu yote.”

“Misimu yote ipi?” nikauliza, maana mwalimu hakubali jibu la jumla.

“Yote, mzee wangu.”

Nikahesabu kwa vidole: masika, kipupwe, kiangazi, vuli. Muuzaji akaitikia kila kidole kwa kichwa. Wala hakuwa mtu wa uongo. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nahesabu misimu ya Usambara, na waliolitengeneza tairi walikuwa wakihesabu misimu ya kwao.

Nilivaa miwani, nikachuchumaa, nikaanza kulisoma tairi ubavuni kwa kulizunguka, kama mtu anayesoma maandishi ya kanga iliyotandikwa sakafuni. La kwanza kuliona lilikuwa M+S. Shemeji, bila kuombwa, akafafanua kwamba M ni Masika na S ni Safari. Pembeni yake palikuwa na picha ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani ya mlima ule kitu kama nyota ya barafu. Moyo wangu ulifurahi. Nilihesabu vilele vile kimoja baada ya kingine: Shira, Kibo, Mawenzi. Nikamwambia shemeji kwamba hawa watengenezaji ni watu makini, kwa kuwa kabla ya kutuuzia tairi wameona vyema kulijaribu Kilimanjaro. Palikuwa pia na 109Q, ambayo kwa mazoea ya kazi niliisoma kama swali la 109 nikaipita, kwa kuwa mtihani wenyewe sikuwa nao.

Mwishowe nikafika kwenye kiduara kidogo chenye tarakimu nne peke yake: 3511.

“Hii nayo?”

Kijana alisita kidogo, kisha akasema ile ni namba ya nguvu ya tairi. Akatuonyesha matairi mengine mawili kwa kulinganisha. Moja lilikuwa na 3023, na jingine, ambalo kwa kweli nililionea huruma, lilikuwa na 0923. Hayo yalikuwa ghali zaidi, jambo lililonithibitishia kwamba wafanyabiashara wa mjini huwategea watu wasiojua hesabu. Nilichagua 3511, manne, kwa jumla ya shilingi 1,400,000. Nilipouliza kama ni mapya, kijana aliapa kwamba hayajawahi kukanyaga ardhi tangu yatoke kiwandani, na ninaandika hapa kwa haki kabisa kwamba alisema kweli.

Ukubwa haukulingana na ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Kibandiko kilitaka 255/70R15, na haya yalikuwa 31x10.50R15. Shemeji alisema tofauti ni sentimita chache tu na kwamba gari likiinuka kidogo linapata heshima. Sentimita zenyewe, kama nilivyokuja kupima baadaye kwa futi ya fundi seremala, zilikuwa karibu tano za kimo. Kijana wa upepo naye aliuliza ajaze kiasi gani. Nilimsomea ubavuni palipoandikwa 50, naye akajaza 50, kwa sababu hakuna mtu Gerezani anayebishana na mzee mwenye miwani. Maneno madogo yaliyotangulia namba hiyo, yanayosema kwamba hicho ndicho kikomo cha tairi, yalikuwa na vumbi.

Safari ya kurudi ilinipa maajabu matatu. Kwanza, gari lilikuwa likidundadunda kwenye kila tuta kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Pili, lilivuma. Kwenye lami meno yale yalitoa mngurumo wa mashine ya kusaga, na nilipopita taratibu katika kijiji kimoja baada ya Segera nilimwona mama akigeuka kuangalia umeme umerudi lini. Tatu, karibu na Korogwe nilisimamishwa na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. Nilimhakikishia kwamba sindano yangu ilikuwa kwenye 50 barabara, na kwamba mimi ni mwalimu. Akanionyesha kifaa chake: 53. Alinihurumia kwa maneno na kuniandikia faini ya shilingi 30,000. Nilimwona ni mtu aliyenunua tochi mbovu.

Siku ya pili niligundua kwamba kutoka Mombo hadi Lushoto, safari iliyokuwa kilomita 33 kwa miaka yote, gari lilihesabu 31. Nilimwita mke wangu aje aone kwa macho yake. Nilimtangazia kwamba tumepata matairi yanayofupisha barabara.

“Baba watoto,” akasema, “barabara wameifupisha lini?”

Sikumjibu. Hata hivyo swali lake lilikuwa na jibu lote la yule trafiki ndani yake, kwa kuwa tairi refu hupiga hatua ndefu, na mita, ambayo huhesabu mizunguko tu, haina habari kwamba mwenye gari amebadilisha viatu. Ningeketi na kipande cha chaki ningelipata kwa dakika mbili. Badala yake nilikwenda kuwahadithia majirani.

Sifa hizo ndizo zilizonitia mashakani. Wiki mbili baada ya Idi, familia yetu ilitakiwa kupeleka mahari ya mpwa wangu katika kijiji cha juu zaidi ya chetu, na mvua ya mwaka ule, kila mtu anaikumbuka, ilikuwa mvua kweli. Wazee walipojadili kwenda kwa miguu, nilisimama. Niliwaeleza juu ya Masika na Safari, juu ya Shira, Kibo na Mawenzi, na juu ya nguvu 3511. Baba mdogo aliuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimeyasoma mwenyewe.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Baba mdogo na wazee wawili, wote wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe, pamoja na shangazi aliyeshika bahasha ya mahari, walikaa ndani. Nyuma tulipakia mfuko wa sukari, maboksi ya sabuni na beberu mmoja. Kwenye kona za njia ile matairi ya mbele yalikuwa yakikwaruza madigadi kila nilipokata usukani hadi mwisho, kwaruu, kwaruu, na beberu alikuwa akijibu.

Mlima wenyewe hauna jina la kutisha. Ni mteremko wa mita kama 80, mashamba ya kabichi upande wa kushoto na mfereji upande wa kulia. Niliweka gia ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, nikasoma Bismillahi, nikapanda. Tulifika katikati. Hapo tope lilijaa baina ya kashata, likaziba kila nafasi, na matairi yakawa mapipa manne yaliyopakwa mafuta. Kwa kuwa yote manne yalikuwa yakivuta, yote manne yaliteleza, kwa pamoja na kwa umoja. Gari halikuanguka wala halikugonga kitu. Lilisimama, likatafakari, kisha likaanza kurudi nyuma polepole kwa adabu kubwa, kama mkwe anayetoka mbele ya wakwe, huku mguu wangu ukiwa juu ya breki kwa nguvu zote na usukani ukizunguka bila maana yoyote.

“Mwalimu,” akasema baba mdogo, “tunarudi nyumbani?”

Tuliishia ndani ya shamba la kabichi, tumeinama upande mmoja. Shangazi alikataa kushuka, akasema mahari haikanyagi tope. Wazee walivua viatu, wakapandisha kanzu hadi magotini, wakaenda nyuma kusukuma. Nilikanyaga mafuta. Na hapa lazima niyasifu matairi yale, kwa maana kazi moja ambayo meno makubwa yametengenezewa, ya kutema tope, ndipo yalipoamua kuifanya. Yalilitema lote. Nilipoangalia kwenye kioo niliona watu watatu wekundu, wamesimama kimya, na mmoja wao akiwa amefumba jicho moja.

Wakati huo alikuja kijana wa bodaboda akipanda mlima ule ule. Nyuma alibeba kreti mbili za soda kwa ajili ya shughuli hiyo hiyo tuliyokuwa tukiiendea. Gurudumu lake la nyuma alilizungushia kamba ya katani, mizunguko sita au saba, basi. Alisimama, akaegesha, akaja hadi dirishani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.” Sikuona sababu ya kuacha kuitikia kwa sababu tu nimelala upande.

Aliinama akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha akaguna. Akatafuta kijiti, akakiingiza kwenye vali, na upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, tairi baada ya tairi, mpaka kila moja likakaa chini kwa starehe na kushika ardhi kwa upana. Kisha akafungua kamba yake ya akiba, akaikata vipande, akafunga magurudumu ya nyuma kwa kupitisha kamba kwenye matundu ya rimu. Alitumia kama nusu saa. Tukapanda. Katani ya Tanga ya shilingi elfu chache ilifanya kazi ambayo Kilimanjaro nzima ilishindwa.

Tulifika saa saba badala ya saa nne. Wakwe walitupokea kwa heshima, wakawaletea wazee maji ya kunawa, kisha maji mengine, kisha wakatutoza faini ya kuchelewa shilingi 50,000, ambayo upande wetu uliamua kwa kauli moja kwamba itatoka mfukoni mwangu.

Baba mkubwa wa bibi harusi ni dereva mstaafu wa malori. Wakati watu wakila, alinitoa nje, akazunguka gari mara moja, akakwaruza tairi kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Akalikunja ubavu kidogo kwa kiganja, na nyufa ndogo zikafunguka kama za kiwanja cha mpira wakati wa kiangazi.

“Mwalimu, ulisoma hapa?” Alikuwa ameweka kidole kwenye 3511.

“Nilisoma. Ni nguvu.”

Hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alinieleza kwamba 35 ni wiki na 11 ni mwaka. Tairi lilitoka kiwandani mwishoni mwa Agosti 2011, likakaa ghalani miaka kumi na miwili na ushei bila kukanyaga ardhi, na mpira ukaendelea kukauka hukohuko. Lile nililolionea huruma, 0923, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. M, akaendelea, ni tope kwa Kiingereza, na S ni theluji. Mlima ule ni alama ya tairi lililopimwa kwenye theluji. 109 ni uzito, kilo 1,030 kwa kila tairi, na Q ni mwendo usiopaswa kuzidi kilomita 160 kwa saa. Niliangalia kule mlimani tulikotoka kwa mwendo wa kinyumenyume.

“Mwaka 2011,” akasema kwa upole, akielekeza kidevu ndani ya nyumba, “huyu binti yetu alikuwa darasa la tatu. Nani alikuwa akimfundisha kusoma?”

“Mimi,” nikasema.

“Ahaa.”

Mwezi Juni nilinunua mengine, ya kila ardhi vilevile, kwa sababu mtu wa lami na tope kwa pamoja hana haja ya meno ya trekta. Nilichukua ukubwa wa kwenye kibandiko, na upepo wa kwenye kibandiko. Yale ya zamani nilimpelekea fundi wa makatambuga, akanishonea jozi moja kwa bei ya kirafiki. Kamba ya mguu wa kulia imekatwa pale pale ubavuni, na ule mlima wa vilele vitatu umekaa juu ya vidole vyangu, unaonekana vizuri sana. Nilizivaa kwa mara ya kwanza siku mvua za vuli zilipoanza, nikateleza nikiwa bado mlangoni.