"Think" si "nafikiri" tu: neno moja la kwao, maneno mengi ya kwetu

Ukiajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Uingereza, kazi ambayo wengi wetu tunaanzia, wiki haitaisha kabla msimamizi hajakuambia: "Do you think you could stay until eight?" Ukilichambua neno kwa neno, anauliza kama unadhani ungeweza kubaki mpaka saa mbili usiku. Mgeni aliyefika na Kiingereza chake cha shule anasikia swali juu ya uwezo wake, anajibu kwa moyo mweupe: "Yes, I think I could." Saa kumi na mbili jioni anavua aproni, anachukua mkoba, anaaga. Kwake yeye hakuna aliyemwomba abaki. Msimamizi naye ameshamwandika kwenye ratiba, na sasa anamwona mtu asiyetimiza neno lake.

Nyumbani ombi hilo lingekuja hivi: "Dada, samahani, naomba unisaidie kubaki mpaka saa mbili." Uombaji uko wazi kwenye "naomba", upole uko kwenye "samahani", heshima iko kwenye kule kuitwa dada. Kiingereza cha kazini hakina dada wala kaka wa kumwita mtu, na "please" peke yake ikibandikwa kwenye amri yaweza kusikika kali kuliko kutoisema kabisa. Adabu yao wameihamishia kwenye vitenzi, na kitenzi kinachobebeshwa mzigo mkubwa ni hiki cha "think". Mara nyingi sana "think" haihusiani na kufikiri. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu naona tunapata hasara pande mbili: huku ughaibuni hatusikii tunachoambiwa, na tukipiga simu nyumbani tunakuta Kiswahili chetu kimepauka, kila kitu kimekuwa "nafikiri".

Tazama sisi tunavyogawa kazi hiyo. "I think it's going to rain" ni "naona mvua itanyesha". "What do you think of this cloth?" ni "unakionaje kitambaa hiki?" "I think he's from Tanga" ni "nadhani ni wa Tanga". Mtu aliyekaa kimya na hesabu ya kodi ya nyumba anafikiri. Mtu aliyelala macho wazi saa nane za usiku anawaza. "I'm thinking of going home in December" ni "nina mpango wa kwenda nyumbani Desemba". Kila kitenzi kina uzito wake. Ukisema "naona", umelitazama jambo na huo ndio msimamo wako. Ukisema "nadhani", unakisia, na unaacha mlango wazi wa kukosolewa. Neno lenyewe linatokana na Kiarabu na shaka haijalitoka: ndiyo maana tuna "dhana potofu", na ndiyo maana "nilidhani" karibu kila mara humaanisha kwamba nilikosea.

Waingereza nao hapo zamani walikuwa na vitenzi viwili. Kiingereza cha kale kilikuwa na "þencan" (herufi hiyo "þ" ni "th" ya leo), kufikiri, na "þyncan", kuonekana hivi au vile machoni pa mtu. Viliandikwa karibu sawa, vikatamkwa karibu sawa, mwisho vikamezana na kuwa kimoja. Masalia ya kile cha pili yako kwenye "methinks", neno ambalo leo hakuna anayelisema kwa dhati, na ambalo maana yake ni "yaonekana kwangu" hasa. Ndugu zetu walioko Sweden wana bahati ambayo pengine hawajaitambua. Kiswidi kina vitenzi vitatu: "tänka" ni kazi ya kichwa, "tycka" ni rai, "tro" ni kuamini au kukisia. Anayejifunza Kiswidi kwa kupitia Kiingereza huhangaika navyo kwa miezi. Anayepitia Kiswahili anapata njia fupi: fikiri, ona, dhani.

Turudi kwenye Kiingereza, maana ndicho kinachotuumiza wengi. Makosa yetu yana sababu, na ukiijua sababu utalikamata kosa kabla halijatoka mdomoni.

"I am thinking that he is right" linatokana na "-na-" yetu. "Nafikiri" inabeba yote mawili, rai niliyonayo na kazi ya kichwa inayoendelea sasa hivi. Kiingereza kinatenganisha: rai ni "I think", kazi inayoendelea ni "I'm thinking". Kwa hiyo "What do you think?" ni "unaonaje?" na unatakiwa utoe maoni. "What are you thinking?" ni "unawaza nini?" Na "What were you thinking?" ni karipio, sawasawa na "akili zako zilikuwa wapi?" Hilo usilijibu kwa kusimulia ulichokuwa unafikiri. Omba radhi, kisha eleza utakavyorekebisha.

"I think to go" linatokana na "nafikiria kwenda". Kiingereza hakikubali, kinataka "I'm thinking of going", pamoja na hiyo "of" na hiyo "-ing". Tofauti ya "of" na "about" nayo si ya mapambo. "What do you think of the new manager?" inataka hukumu fupi, mzuri au mbaya. "I've been thinking about the new manager" ni kwamba jambo lake limekukaa kichwani, na msikilizaji atasubiri umwambie kwa nini.

"I thought you are at work" linatokana na "nilidhani uko kazini". Kwetu sehemu ya pili ya sentensi haibadiliki kwa sababu ya wakati wa kitenzi cha kwanza. Kwao "thought" inaivuta sentensi nzima nyuma: "I thought you were at work."

Halafu kuna lile la "ndiyo" na "hapana". Muuguzi anauliza: "You don't think it's getting worse?" Sisi tunakubaliana na swali lilivyoulizwa, tunajibu "yes", yaani ndiyo, sidhani. Muuguzi anabaki njia panda, au anaandika kwamba hali inazidi kuwa mbaya. Jibu la Kiingereza linafuata ukweli wa jambo, halifuati umbo la swali: haizidi, basi ni "no". Dawa ni kutojibu kwa neno moja. Sema "No, it's not getting worse," na shaka yote imekwisha.

Matamshi nitayagusa tu. Sauti ya mwanzo wa "think" tunayo, ni ile ya "thelathini" na "thamani". Anayesema "selasini" atasema "sink", na "I'm sinking" ni kuzama. Mwishoni usiongeze irabu, usiseme "thinki". Funga kwa "k" kavu.

Linalohitaji sikio zaidi ni "I think" inayotoka kwa mkubwa wa kazi. "I think we should move the meeting to Monday" ikisemwa na meneja, kikao kimeshahamishwa. "You might want to think about checking those figures" maana yake hesabu zina kosa na wewe ndiye wa kulisahihisha, leo. "I think you'll find the form goes to the other office" ni Mwingereza anayekuambia umekosea, kwa upole wa juu na ubaridi wa ndani. "Let me think about it," ikitoka kwa mwenye nyumba au mnunuzi, mara nyingi ni "hapana" iliyofunikwa shuka. Uliza mara moja lini atakujulisha. Asipotaja siku, endelea kutafuta kwingine.

Mahali neno linapokaa nako ni habari. "I think it's on the second floor" ikisemwa moja kwa moja bila kusita ni jibu. "It's on the second floor... I think" ni shaka, afadhali umuulize mtu mwingine. Sisi tuliozoea kutanguliza "nadhani" kwa unyenyekevu, ili tusionekane wajuaji mbele za watu, tunaipeleka desturi hiyo kwenye usaili wa kazi na inatugharimu. Miaka uliyofanya kazi, cheti ulichonacho na mashine unayoiendesha si rai. "I think I worked there for three years" inamfanya msaili ajiulize kama kweli ulifanya kazi. Sema "I worked there for three years." "I think" iweke akiba mpaka utakapoulizwa maoni. Kwenye maelezo ya polisi, mahakama au uhamiaji, tahadhari hiyo iwe mara mbili: "I think it was Tuesday" inaandikwa kama kutokuwa na uhakika. Kama kweli huna uhakika, hiyo ndiyo sentensi sahihi. Kama unayo hakika, usiipunguze kwa adabu.

Sasa hospitalini, na hapa naomba tuwe makini kuliko kwingine kote. Kiswahili kinasema "ana mawazo" kwa mtu aliyeelemewa. Karo ya mtoto, habari mbaya kutoka nyumbani, karatasi za ukaazi zisizotoka, usingizi umekata: yote ni mawazo. Mtu akiingia kwa daktari na kusema "I have thoughts," daktari wa huku ana haki ya kushtuka, maana kwenye chumba kile kauli hiyo hukaribia sana mawazo ya kujidhuru. Akisema kinyume chake, "I think a lot," inasikika kama sifa ya mwanafunzi hodari na haandikiwi kitu. Kwenye dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona ("depression"), kuna maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, kila moja kwa alama 0 hadi 3. Swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kwamba heri ungekufa, au ya kujiumiza. Mtu wetu akiona neno "thoughts" na kulisoma kama "mawazo" yetu, anaweza kuweka alama 3 kwa sababu ya kodi ya nyumba. Na yule ambaye kweli amefikia huko anaweza kulipita swali akidhani anaulizwa shida za kawaida.

Taja vitu vyenyewe: "I worry all the time, I can't sleep, I have no appetite," kisha sema tangu lini. Kama kifo kimekujia akilini, liseme wazi bila kuzunguka. Daktari yuko pale kwa ajili hiyo. Na omba mkalimani. Hospitali za umma za hapa Uingereza humtoa bila malipo. Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukusaidia kwa lugha yako chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya.

Mkalimani naye ajue amekaa na nani. Kwa Mkongomani wa Bukavu au Lubumbashi, "nawaza" ndiyo "nadhani" ya kila siku, haina huzuni ndani yake. Mkalimani wa Dar es Salaam akiisikia kwa sikio la kwao anaweza kuipeleka kwa daktari kama wasiwasi. Aulize: "Unawaza, maana yake unaona hivyo, au yanakusumbua?" Ni sekunde tano tu.

Kisha kuna hasara ya upande wa pili, ya Kiswahili tunachorudi nacho. "Unafikiri nini kuhusu gauni hili?" ni Kiingereza kilichovishwa kanga, "unalionaje gauni hili?" inatosha na inapendeza. "Fikiria kuhusu" ni kubeba maji mara mbili, maana kile kiambishi cha mwisho cha "fikiria" kimeshasema "kuhusu": lifikirie jambo hili, basi. Ujumbe kwa mama unaoanza "nilikuwa nafikiria kama ungeweza kunitumia cheti changu" unamwacha mama akingoja umalize kufikiria. "Mama shikamoo, naomba unitumie cheti changu," na kesho kiko posta.

Kubwa ni la pesa. Mtu wa huku aliyezoea "I think I've sent it" anaandika kwenye kundi la familia "nafikiri nimeshatuma", wakati risiti iko mkononi. Nyumbani wanasoma "nafikiri" na wanaelewa kwamba bado hajatuma, anatafuta pa kutokea. Andika "nimetuma leo asubuhi", weka kiasi na namba ya muamala.