Daktari wa zamu ameona, lakini amejibu?

Aliyekuwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 anajua kubipu. Ukishuka kwenye daladala Posta unambipu mama aliyeko Mbagala mara moja, anajua umefika. Ukibipu mara mbili, maana yake nipigie, sina salio. Kwa mambo ya nyumbani ilitutosha. Ila aliyebipu hakuwa na hakika: mlio umesikika, au simu iko chini ya mto na mwenyewe amelala?

Swali hilo hunirudia kila wenzangu wa hospitalini wanapobishana kuhusu peja, kile kifaa kidogo cha mfukoni kinacholia na kuonyesha ujumbe wa kumwita mtu. Wapo wanaotaka hospitali za jiji zinunue peja za njia mbili za kumwitia daktari wa zamu. Wapo wanaosema simu janja iko kila mfuko na grupu la WhatsApp tunalo tayari, ya nini kurudi nyuma? Mimi ni muuguzi wa leba, na ninazipima hoja hizi kwa usiku mmoja nisioweza kuusahau. Tuliandika kwenye grupu kwamba mama anatokwa damu nyingi. Orodha ya waliosoma ikafika watu kumi na moja. Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshatoka mbio. Daktari alipofika, baada ya kupigiwa mara kadhaa, aliniambia, "Sista, nilijua leo zamu si yangu." Mama alipona, lakini dakika zile zilikuwa za damu yake.

Peja ya kawaida hupokea tu. Mitambo hurusha ujumbe eneo zima bila kujua mwenye peja yuko wapi, na akiwa nyuma ya zege nene ujumbe unaweza kupotea bila mtu kujua. Peja ya njia mbili, kama Tango ya Motorola iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1995 kwenye mtandao wa SkyTel, nayo hurusha mawimbi. Kwa hiyo hutoa majibu ya aina mbili. La kwanza ni la mashine yenyewe: nimepokea. Jibu hilo lisiporudi, mtandao huushikilia ujumbe na kuutuma tena baadaye. La pili ni la mtu: anachagua kwa kidole jibu lililokwisha andikwa, na mtumaji aliweza kuambatanisha majibu anayotaka kuchaguliwa. Tiki za WhatsApp zinatuambia ujumbe umefika na umesomwa. Neno "nakuja" halimo ndani ya tiki.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye peja ni kwamba huwa mali ya zamu. Saa mbili usiku anayeondoka anamkabidhi anayeingia, na muuguzi anaita nafasi, haiti jina. Sisi tunaita majina. Madaktari wakibadilishana zamu mchana, ratiba ya ukutani inabaki ya jana. Halafu simu ya mtu binafsi inalia kwa kila kitu: mchango wa harusi, kikoba, muuza gesi. Mwenye simu huzoea kuipuuza, na siwezi kumlaumu. Peja ikilia, ni kazi tu.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Kupokea jibu la kifaa kidogo chenye nguvu hafifu kunahitaji vituo vingi vya kupokelea, na mtandao huo haupo hapa. Hospitali ingelazimika kujenga wake ndani ya uzio, iombe leseni ya masafa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iwe na fundi na vipuri vya kifaa ambacho viwanda vingi vimeshakiacha. Uingereza, yenye hospitali zilizozoea peja kwa miongo mingi, mwaka 2019 iliagiza NHS, huduma yake ya afya ya umma, iachane nazo kufikia mwisho wa 2021; zilikuwa takriban 130,000, na gharama yake pauni milioni 6.6 kwa mwaka. Wala peja si chombo kisichoanguka. Mei 1998 setilaiti moja tu, Galaxy IV, iliharibika, na peja nyingi za Marekani zikanyamaza, za madaktari zikiwemo. Mifumo mingi ya peja pia ilirusha ujumbe bila kuufumba, hata mwenye redio ya bei nafuu aliweza kusoma habari za mgonjwa.

Hoja ya siri naikubali nusu, maana hata simu janja hazijaitunza. Picha za wagonjwa zimelala kwenye simu zetu binafsi, tunakwenda nazo sokoni na tunawapa watoto wachezee, ilhali sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022. Na ile ya kuanguka inarudi kwetu: nyaya za baharini zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilisuasua nchini, na grupu lolote la WhatsApp lilisuasua nayo. Hata agizo la Uingereza liliruhusu hospitali kubaki na peja chache za dharura.

Nikipima yote, nasimama na utaratibu wa peja, ila kifaa chenyewe sikipiganii. Hospitali kubwa yenye vyumba ambamo simu haishiki mnara, na yenye fedha za kuutunza mtambo, ijenge mfumo wake wa ndani. Pale gharama ina maana. Kwa hospitali nyingine, vitochi, zile simu ndogo za vibonyezo, vinatosha, na matroni anaweza kuanza kesho. Kimoja cha daktari wa leba, kimoja cha chumba cha upasuaji, namba zibandikwe ukutani zisibadilike. Vikabidhiwe kila zamu kwa saini, kwenye daftari lilelile la funguo za kabati la dawa. Ndani ya kila kimoja ziwemo SMS tatu zilizohifadhiwa: "Nakuja." "Niko kwenye upasuaji, mwite wa pili." "Nipigie." Dakika tatu zikipita bila mojawapo kurudi, muuguzi ampigie wa pili papo hapo, bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kuogopa kesho kuambiwa amemruka mkubwa.