Logi mbili za kukariri kabla ya msimu wa korosho

Huku Mtwara na Lindi mikorosho hudai palizi na salfa, dawa ya ukungu, miezi mingi kabla minada haijaanza Oktoba. Katikati hapo mkulima hana hela. Mwingine huuza korosho zikiwa bado mtini, ile tunayoiita kangomba, na mwingine huingia kwenye mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno. Hesabu ya kuupima mkopo huo watoto wetu wanaifundishwa kidato cha pili, nayo ni logi, yaani kipeo cha 10 kinachokupa namba unayoitaka: logi ya 1,000 ni 3 kwa sababu 10 kwa kipeo cha 3 ni 1,000. Tatizo ni kwamba tunawafundisha kuitafuta kwenye jedwali tu, mtihani ukipita hawaishiki tena. Mimi nasema logi ikae kichwani.

Za kukariri ni mbili tu: logi ya 2 ni 0.301, logi ya 3 ni 0.477. Nyingine zinatoka humo, kwa kuwa namba zikizidishwa logi zake hujumlishwa, zikigawanywa hutolewa. Hata ukizisahau utazipata upya. Mbili kwa kipeo cha 10 ni 1,024, karibu sawa na 1,000, kwa hiyo logi ya 2 ni kama 3 gawanya kwa 10. Tatu kwa kipeo cha 4 ni 81, jirani kabisa na 80, na 80 ni 8 mara 10: logi yake ni 1.903, gawa kwa 4 upate 0.476. Ya 5, ambayo ni 10 gawanya kwa 2, ni 1 toa 0.301. Ya 7 inatoka kwenye 49, ambayo ni karibu 50.

Sasa chukua mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba juu ya riba, kuanzia Machi hadi Novemba. Wengi watazidisha 20 kwa 8, waseme deni litakuwa 260,000. Tupige kwa logi. Kumi na mbili ni 2 mara 2 mara 3, logi yake 1.079, hivyo ya 1.2 ni 0.079. Mara 8 ni 0.632. Logi ya 4 ni 0.602, ya 5 ni 0.699, basi jibu liko kwenye 4.3. Deni ni 430,000! Ukiikuza 1.2 hatua kwa hatua utafika 4.2998. Angalizo moja: hapa tarakimu ya tatu usiitupe. Ukitumia 0.30 badala ya 0.301 unaishia karibu na 4.1, maana kosa dogo limeingia mara mbili kwenye logi ya 12, kisha likazidishwa mara 8.

Najua nitaambiwa simu zina kikokotozi. Zinacho, ila simu haimwambii mtu kwamba kuzidisha kwa 8 siyo hesabu ya mkopo huu. Aliyezoea logi anajua deni la namna hii linapanda kwa kipeo, na atajua kabla hajaweka dole gumba kwenye karatasi.

Logi hizo pia zinasaidia kubishana bei ya mkopo. Mraba wa 11 ni 121, karibu 120, ndiyo maana logi ya 1.1 ni kama 0.04. Kwa riba ya asilimia 10, miezi ile ile 8 inatoa 0.32, na deni linasimama karibu na 210,000. Riba imepungua nusu, lakini kinacholipwa juu ya laki moja ya mkopo kimeshuka kutoka 330,000 hadi kama 110,000.