Niondoleeni Sheria Zote, Barafu Niachieni

Mechi yangu ya kwanza ya hoki ya barafuni kwenye skrini nilipigwa tisa bila, na sioni aibu kuitaja kwa sababu kosa lilikuwa la kidole gumba. Kidole hicho kililelewa na magemu ya kandanda, ambako ukimgeuza mchezaji anageuka na ukiachia kitufe anasimama. Hapa nilimgeuza beki wangu, naye akaendelea na safari yake. Akaipita paki, kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira, akalipita goli, akaenda kujibamiza ukutani. "Kaka, hapo breki hakuna," mdogo wangu akaniambia, wakati huo ameshafunga.

Tangu siku hiyo nimecheza magemu mengi ya namna ile, yale ya mtindo wa akedi, uliozaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu: mechi fupi, vitufe vichache, vikumbo vilivyotiwa chumvi, refa kasinzia. Ninayapenda kuliko yale yanayojitahidi kuiga ligi halisi hadi rangi ya kamba za viatu. Lakini nimegundua kwamba ninayoyarudia ni machache, na yote yana kitu kimoja. Mtengenezaji aondoe sheria atakazo, apunguze wachezaji, awashe hata moto uwanjani. Ila akiugusa ule utelezi unaomfikisha mchezaji mahali ambapo hakupanga kufika, gemu limekufa, hata liwe na picha nzuri kiasi gani.

Hoki ya barafuni, ukiitazama vizuri, haikuhitaji kusukumwa sana ili iwe akedi. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta, kwa hiyo kile kisahani cha mpira mgumu hakitoki nje ovyo. Kikigonga ukuta kinarudi, mchezo unaendelea. Hakuna mtu wa kwenda kuokota mpira, hakuna kurusha. Hata nyuma ya goli panachezeka. Anayetengeneza gemu la kandanda la mtindo huu hulazimika kubuni ukuta ili kuondoa vituo. Wa hoki anaukuta umeshajengwa.

Kinachobaki kuondolewa ni sheria mbili zinazokata mwendo. Ya kwanza ni kuotea: mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa buluu wa eneo la wapinzani kabla ya paki. Ya pili ni ile inayokataza kuipiga paki kutoka nusu yako ikapitiliza hadi nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa, ujanja wa timu iliyozidiwa inayotaka kupumua. Magemu mengi ya akedi huzitupa zote mbili, na watu hushangilia. Mimi hushangilia nusu. Ukiondoa kuotea umemfungulia mlango mviziaji, yule anayeganda mbele ya kipa kusubiri pasi ndefu. Kwa wachezaji watano kila upande, mviziaji ni kero isiyo na dawa. Kwa watatu kila upande mambo yanabadilika, maana anayevizia amewaacha wenzake wawili wakizuia watatu, na uwanja ni mpana. Ujanja wake una gharama. Ndiyo sababu magemu yaliyoondoa kuotea na kupunguza wachezaji kwa wakati mmoja hunoga kuliko yaliyofanya moja tu.

Sasa nije kwenye barafu yenyewe, maana hapa ndipo ninapogombana na watu.

Mchezaji wa gemu zuri la hoki hasimami, anapunguza mwendo. Hageuki, anachora duara. Ukimpa kasi kubwa, duara linakuwa kubwa. Matokeo yake ni kwamba kila ukibonyeza kitufe unakopa, na utalipa nusu sekunde baadaye. Chukua kikumbo. Kwenye gemu lililotulia, ukimvamia mwenye paki ukampata, anaanguka na paki inabaki ikizurura. Ukimkosa, wewe ndiye unayepitiliza, umebebwa na kasi yako mwenyewe, na nyuma yako pamebaki uwazi wa kupitisha lori. Uoga wa kukosa ndio unaokufanya ufikirie kabla ya kuvamia. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hapa kuteleza ni kuchelewa, na kuchelewa ni goli.

Kuna magemu, hasa ya miaka ya karibuni kwenye simu, ambayo yameondoa gharama hiyo kwa nia njema. Wametaka mgeni asipate taabu niliyoipata mimi. Mchezaji anageuka papo hapo, anasimama kama msumari, kikumbo kinamtafuta adui chenyewe. Raha yake ni ya dakika kumi. Baada ya hapo unagundua kwamba mnabonyeza kitufe kimoja kwa zamu, na atakayeshinda ni mwenye kidole chepesi. Barafu imegeuzwa zulia jeupe.

Waliolifahamu hili mapema ni Nintendo. Gemu lao la Ice Hockey lilitoka mwaka 1988, na pedi yake ilikuwa na vitufe viwili tu vya kuchezea. Timu ni nchi sita: Marekani, Kanada, Uswidi, Polandi, Chekoslovakia na Muungano wa Kisovieti. (Mbili kati ya hizo siku hizi utazikuta kwenye vitabu vya historia, na kwenye gemu hili.) Kabla ya mechi unapanga wachezaji wako wanne wa mbele ya kipa kutoka maumbo matatu: mwembamba, wa wastani, mnene. Mwembamba anakimbia kama upepo na ni hodari wa kuwahi paki refa anapoidondosha, lakini shuti lake ni la kubembeleza na akiguswa anapeperuka. Mnene anachukua muda kuondoka, ila akishaondoka msogelee kwa hasara yako, na shuti lake linampeleka kipa likizo. Wa wastani ni wa wastani.

Hakuna takwimu nyingine ya kusoma, na bado mimi na mdogo wangu tulibishana kuhusu mpangilio huo kwa muda mrefu kuliko tulivyobishana kuhusu mambo mengi ya maana. Yeye ni mtu wa wembamba watatu na mnene mmoja nyuma kama mlinzi wa geti. Mimi naamini katika wanene wawili. Uzuri wake ni kwamba uzito ule hauonekani kwenye namba, unausikia kwenye pedi: mnene anachelewa kugeuka, mwembamba anachelewa kuinuka. Wazo lote la timu limewekwa ndani ya utelezi, na mtoto asiyejua kusoma analielewa kwa kutazama matumbo.

Tatizo gumu kuliko yote ni kipa. Goli la hoki ni dogo, mita 1.83 kwa 1.22, na anayesimama mbele yake amevaa vitu vingi hadi amekuwa mlango. Katika NHL kipa huokoa takriban mashuti 9 kati ya 10. Gemu likimwiga kwa uaminifu, utapiga na kupiga na kuona ukuta. Likimlegeza tu kwa bahati nasibu, utafunga bila kujua kwa nini umefunga, na hilo linaudhi zaidi. Mwaka 1996 Wayne Gretzky's 3D Hockey lilifanya mzaha na jambo hili: kipa akiokoa, kuna wakati anageuka ukuta wa matofali mbele ya macho yako. Nilicheka sana. Niliendelea kukosa.

Jibu bora ninalolijua lipo kwenye NHL '94, gemu la kampuni ya EA lililotoka 1993. Uwanja umelazwa wima, goli moja juu na jingine chini, kwa hiyo ukishambulia unamwona kipa kwa upana wake wote. Kuna njia mbili za kumfunga ambazo kila aliyelicheza anazijua. Moja ni kukata mbele ya goli: unamvuta kipa upande mmoja, anakufuata, kisha unapiga upande aliouacha. Inafanya kazi kwa sababu kipa naye yuko kwenye barafu, na mwili wake ukishaanza safari haurudi kwa kuitwa. Njia ya pili, iliyoletwa na toleo hilo, ni kuunganisha: mmoja anatoa pasi ya pembeni, mwenzake anapiga paki bila kuituliza. Kipa ameshajipanga kwa mpigaji wa kwanza, na akianza kuhama paki iko wavuni.

Kwa hiyo kipa hana bahati nasibu ya kukufurahisha. Ana udhaifu unaoeleweka, uleule ulionao wewe. Ukifungwa hivyo unajua kosa lako: uliacha njia ya pasi wazi. Na adui akijua unajua, anaanza kujifanya anatoa pasi halafu anapiga mwenyewe. Hapo ndipo mechi ya dakika chache inapogeuka mazungumzo.

Walalamikaji husema mbinu ya kukata mbele ya goli ni wizi kwa kuwa inafanikiwa mno. Kweli, inafanikiwa mno. Lakini ili uitumie ni lazima ufike pale na kasi ya kutosha, na pale ndipo vikumbo vinapoishi.

Kuhusu ngumi nitasema kidogo, ingawa ndizo watu huziulizia kwanza. Blades of Steel la Konami, la mwaka 1987, lilikuwa na mapigano ambayo aliyepigwa ndiye anayepelekwa kukaa kwenye kibanda cha adhabu, mshindi anaendelea kucheza. Haki ya ajabu, lakini inachekesha na inaipa ngumi uzito wa kimbinu. NHLPA Hockey '93, toleo lililotangulia, lilikuwa na ngumi, NHL '94 likaziondoa, na sikumbuki hata mechi moja ya NHL '94 iliyopungukiwa na kitu kwa ajili hiyo. Ngumi ni kituo. Mchezo unasimama, watu wawili wanabonyeza vitufe kwa fujo, kisha unaanza upya.

Nina ugomvi mgumu zaidi na NHL Hitz 20-02, kwa sababu ninalipenda. Ni la Midway, lilitoka 2001, watatu kwa watatu na makipa, hakuna kuotea, na kikumbo kizuri kinaweza kumtoa mtu nje ya uwanja kwa kupitia kwenye kioo. Sauti ya kioo kile kuvunjika bado ninayo masikioni. Mchezaji akiwa na siku njema anawaka moto, kama ilivyokuwa kwenye NBA Jam, gemu la mpira wa kikapu. Yote hayo sawa. Ila kuna kitufe cha mwendokasi, na mimi na wenzangu tulikuwa tunakishikilia mechi nzima kama walioshika usukani wenye hitilafu. Kasi ambayo kila mtu anayo si kasi tena, ni hali ya hewa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiachia. Alikuwa anaachia anapokaribia goli tu, duara lake likawa dogo, sisi tukampita kama magari ya msafara, naye anageuka taratibu na kuunganisha. Alitufunga mwezi mzima kabla hatujashtuka. Kwa hiyo barafu imo ndani ya gemu lile, imefukiwa tu chini ya kelele, na simsamehe aliyeifukia.

Kinachonifurahisha ni kwamba ligi yenyewe imekuja kutukuta huku. Tangu msimu wa 2015–16, mechi ya kawaida ya NHL ikiisha kwa sare, muda wa ziada unachezwa watatu kwa watatu. Zamani walikuwa wanne kwa wanne. Waliotucheka kwa kucheza "hoki ya watoto" sasa wanasubiri dakika hizo tano kwa hamu. Zitazame siku moja: mtu anapoteza paki mbele, wenzake wanageuka kwa duara kubwa, na tayari wawili wanamwendea kipa peke yake. Hakuna mtengenezaji wa gemu aliyeyaandika hayo. Ni barafu na uwazi.

Siku hizi nikipewa gemu jipya la hoki siangalii orodha ya timu wala maonyesho ya ufunguzi. Namchukua mchezaji asiye na paki, nampeleka mbio hadi karibu na ukuta, namgeuza ghafla, halafu natazama anavyohangaika. Akihangaika vizuri, nakaa. Majuzi mdogo wangu alinikuta nikimzungusha beki peke yake kwa dakika nzima huku wapinzani wakinifunga. Akauliza kama nimesahau upande wa kushambulia. Nikamwambia asubiri, bado napima. Akavuta kiti, akachukua pedi ya pili, na kabla sijamaliza kupima akawa ameshachagua wembamba watatu.