Kikosi cha usafi wa tangi la bahari: wengi, wachache, au wa kuokota mwambani?

Wafugaji wa matumbawe huweka tangini kikosi cha usafi, yaani wanyama wadogo wa kula mwani na mabaki, na wana kanuni inayorudiwa kila mahali: konokono mmoja kwa kila lita nne za maji, juu yake kaa wachache na kamba mmoja au wawili. Kwa hesabu hiyo tangi la lita 200 linataka konokono hamsini. Muuzaji lazima aipende.

Lakini ina utetezi wake. Tangi jipya hupitia kipindi kichafu: kwanza utando wa kahawia kwenye kioo na mchanga, halafu nyuzi za kijani za mwani juu ya mawe. Zikiachwa zikarefuka, konokono wengi hawazigusi tena, na vipande vidogo vya matumbawe vinafunikwa. Kikosi kikubwa kikiingia mapema kinazikata zikiwa changa. Asiyetaka kutia mkono majini kila Jumamosi ana sababu ya kununua wengi.

Shida ni mwezi unaofuata. Mwani ukiisha, konokono hamsini hawana pa kuhamia. Wanakufa njaa kimyakimya, huyu nyuma ya jiwe, yule ndani ya mchanga, na kila mzoga unatoa amonia. Stima ikikatika usiku na pampu zikasimama, hewa inapungua majini na maiti zinaongezeka. Ndiyo maana mimi niko upande wa wachache: anza na wanane au kumi, tazama uchafu uliobaki ni wa aina gani, kisha ongeza anayeula huo.

Maana hawali kitu kimoja. Konokono wa jamii ya Turbo na Trochus wanakwangua mwani kwenye mawe na kioo. Wale wa Nassarius hawajali mwani hata kidogo. Wao ni walaji wa mabaki ya nyama. Mchana unaona mchanga mtupu, labda na kimrija kimoja kimechomoza. Dondosha kipande cha kamba mbichi na mchanga unafufuka: wanachomoka kila upande, mrija mbele, wanakikimbilia kwa kasi usiyoitarajia kwa konokono. Ukiwanunua hao ili wakuondolee nyuzi za kijani, umetupa pesa.

Orodha nyingi za kikosi hiki tunazosoma, tena, zimeandikwa Marekani. Konokono wa Astraea anayesifiwa humo ni wa Karibi, na akianguka chali juu ya mchanga mara nyingi hawezi kujigeuza. Trochus hujigeuza mwenyewe. Konokono wa Margarita anatoka bahari za baridi. Mlete Mombasa wakati wa kaskazi, maji ya tangi yakikaribia nyuzijoto 30, uone kama atamaliza msimu. Jamii za Turbo, Trochus, Cerithium na Nassarius zote zina spishi zinazoishi pwani yetu na joto hilo wamelizoea. Kwa hili upande wa "chukua wa nyumbani" una nguvu kweli.

Hapo ndipo linapozuka wazo la kungoja maji ya bamvua yakupwe, ushuke mwambani na ndoo, uokote bure. Napinga, ingawa hoja zake si za kipuuzi. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ipo tangu 1986 na ndani yake huondoi kitu. Nje yake, kukusanya viumbe vya mapambo kwa biashara kunataka leseni. Pia si kila gamba zuri ni la msafishaji. Drupella anakula matumbawe yenyewe. Konokono wa Conus, mwenye gamba lenye umbo la pia na michoro ya kuvutia, anadunga kwa jino lenye sumu, na spishi moja ya jamii hiyo, Conus geographus, imeshaua watu. Hata mlaji mwani halali, wale wa Nerita wanaoganda kwenye majabali, amezoea kutoka majini, utamkuta sakafuni.

Hoja ngumu zaidi kuijibu ni ya wale wanyama wa miiba mirefu wanaotuchoma nyayo, wanaoitwa sea urchin kwa Kiingereza. Utafiti wa miaka mingi wa mwanasayansi wa bahari Tim McClanahan na wenzake kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kwamba kikande, samaki anayewala, akivuliwa kupita kiasi, wao huongezeka na kuukwangua mwamba hadi ukaliwa. Basi mtu akisema kumtoa mmoja sehemu kama hiyo si dhambi kwa bahari, simbishii sana. Namuuliza tu atamweka wapi. Kwenye tangi dogo anakwangua hata ule utando wa waridi unaopamba mawe, na vipande vya matumbawe visivyogundishwa anaviangusha njiani. Na hoja hiyo haimhusu konokono wala kauri.

Kwangu njia iliyobaki ni kununua kwa wazamiaji na wauzaji wenye leseni. Ghali kidogo, ndiyo. Ila mwulize jambo moja kabla hujalipa: maji ya matangi yake yametiwa dawa ya shaba? Shaba inaponya samaki na kuua konokono na kamba. Ukifika nyumbani wazoeshe kwa maji ya tone kwa tone, chumvi isibadilike ghafla.

Jongoo bahari na kiti cha pweza anayechimba mchanga nawaacha. Wa kwanza baadhi yao wakisumbuliwa au wakifa hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote. Wa pili humaliza vidudu vya mchangani kisha hufa njaa.

Kaa wanaoishi kwenye magamba ya kuazima ndio wanaonigawa. Wanafika kwenye nyufa ambazo konokono hafiki, ila wanamuua konokono ili wahamie gambani mwake. Wawili watatu wanavumilika wakipewa magamba matupu makubwa kidogo kuliko yao. Usiyaokote ufukweni, kuna kaa huko pia wanaoyatafuta. Tumia ya konokono waliokufa tangini mwako, yakishaoshwa vizuri.